Mama, Njia Ilikuwa Imefunguliwa

Mama yangu,

Mwaka ule mvua za masika ziliposhusha mlima, nilifika kijijini kwetu, juu ya Bumbuli, siku ya tatu. Udongo ulikuwa umefukia jiko lako na njia ya kwenda kisimani. Nyumba ilisimama. Nilikukuta unafukua, kanga umeifunga kiunoni, na miaka yako sabini na minane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shika beleshi."

Sikulishika. Njia ya magari ilikuwa imezibwa na udongo; nilikushusha kwa miguu hadi nilipoacha gari, nikakuleta kwangu Tanga. Ulikubali kwa sharti moja: njia ikifunguliwa, unarudi.

Mwezi haukuisha, mwenyekiti wa kitongoji akanipigia simu. Njia ilikuwa wazi, na majirani walikuwa wamekujengea jiko jipya. Sikukuambia.

Nilidhani nakupenda. Uliposhika ufagio, nilikunyang'anya. Ulipounguza sufuria kwenye gesi, nikakukataza kuingia jikoni. "Kwani nimekuwa mtoto?" uliuliza. Nikakujibu mbele ya wageni kwamba watoto wana nafuu, wao hukua. Walicheka. Ukacheka nao, ukiangalia mikono yako.

Siku ile ulipokamatwa stendi ukitafuta basi la Lushoto, nilikugombeza njia nzima. Tangu hapo nikienda kazini nilikufungia mlango kwa nje. Miguu iliyopanda mlima na kapu la viazi ikaanza kuvimba, kisha ikagoma. Kabla ya mwaka kwisha ulikuwa unabebwa kwenda chooni.

"Unaona?" nilimwambia mume wangu. "Kule angeishije peke yake?"

Jioni moja ukaniuliza, "Njia bado?"

"Bado, mama."

Hukuuliza tena. Wiki iliyofuata tulikupandisha kwenda kukuzika, na gari la jeneza lilifika hadi mlangoni.

Mama Eliza, jirani yako, amekuzidi umri, na maporomoko yalimwachia chumba kimoja tu. Alikuja msibani na maharage aliyoyavuna mwenyewe. Akanivuta pembeni: "Mbona mwenzangu hakurudi? Tulimngoja."

Nikamwambia ulikataa. Nikamwambia ulisema umechoka na watu wa mlimani.

"Basi sikumjua," akasema, akaondoka kabla hatujakushusha kaburini.

Maneno yale yameenea kijiji kizima, mama. Mpaka leo sijapanda kuyafuta.

Pumzika kama unaweza.

Binti yako wa kwanza