Chumba cha Viti Kumi na Viwili

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mkeo hajambo? Mimi mzima, ila miguu imegoma. Hoteli hii imenizidi umri, na ngazi zake zote zinanisubiri mimi. Kutwa napandisha birika la chai chumba cha mikutano: meza moja, viti kumi na viwili. Wakubwa wanakipenda kwa kuta zake nene, na kwa sisi wahudumu tusiosikia kitu. Tulitia saini hivyo. Miaka ishirini na sita sijatoa neno nje.

Ile kazi uliyoitwa idara ya maji, ikubali. Usiniulize kwa nini.

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na miguu. Sisi wazima, mkweo anakusalimu, sasa hata viatu hafungi mwenyewe kwa tumbo.

Idara ya maji? Sema tu unataka nihamie karibu nikubebee birika! Mama, hapa kiwandani mimi ndiye fundi mkuu wa zamu, mashine zinanijua. Nimewajibu hapana, kwa adabu.

Mwanao

19 Machi

Marahaba, mwanangu.

Naamini hamjambo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Waandikie tena, waambie ulikosea. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Mama

6 Mei

Mama,

Shikamoo. Tumepata mtoto wa kike, mzima, mama yake pia mzima.

Jumatatu tumekuta geti lina kufuli. Kiwanda kimefungwa, sote nje. Idara ya maji wameshamchukua mwingine. Dereva wa mkurugenzi anasema waliamua tangu Februari, hotelini kwenu, mlemle kwenye chumba cha meza moja.

Mama, nani aliwapelekea chai?

Mwanao

15 Mei

Marahaba, kama bado naistahili.

Ni mimi. Nilisikia kiwanda chenu kinatajwa nikiwa namimina kikombe cha tatu, na sikumwaga hata tone. Siku ile nilijisifu, Mungu anisamehe. Nilidhani kukusihi kutatosha, na ahadi yangu ya kazini ibaki nzima. Nimekuumiza, mwanangu, na nina aibu.

Jana walikuja wengine, watu tisa. Wanafunga kiwanda cha sabuni mwisho wa mwezi, wafanyakazi hawajui. Kesho sina zamu. Nakwenda kusimama getini kwao asubuhi wakiingia, nimwambie kila mmoja.

Nibusie mjukuu wangu.

Mama