Kompyuta ya Kuzamia ya Ubah

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Ubah kapiga simu kutoka Mombasa. Anajifunza kupiga mbizi! Kama marehemu babake. Na nani amchagulie kompyuta ya kuzamia — ile ya kuvaa kama saa, inakwambia umeshuka mita ngapi na upande juu polepole vipi? Mimi. Mzee wa malori, kitambi kinatangulia. "Adeer Jama, wewe ndiye mtaalamu wetu." Ananiita adeer, yaani ami.

Mtaalamu! Isiolo nzima wapiga mbizi tulikuwa wawili, mimi na Abdighani babake. Watu sokoni walituuliza kama ngamia wetu wamezama baharini.

Nimekubali. Kisha nikakaa kwa lori bila kuwasha injini.

Jumatano, 6 Agosti
Ametuma picha tatu. Ya kwanza ina rangi kama nguo za harusi. Ya pili namba kubwa — hata mimi ningeisoma. Ya tatu inaongea na mtungi wa hewa. Nafungua kila picha, na kila mkono ni wa Abdighani. Mkono mtupu.

Maana tulikuwa na kompyuta moja tu kati yetu. Mimi naivaa, yeye ananifuata kama ngamia wa mwisho. Ila hakufuata! Daima chini yangu, akifukuza kasa. Kompyuta ilihesabu kina na muda wa mwili wangu. Wake haukuhesabiwa.

Nimemwandikia Ubah: ya pili. Na iwe yako peke yako, usitegemee ya mtu. "Sawa bosi," amejibu, na kicheko.

Ijumaa, 8 Agosti
Msikitini imamu anasoma, mimi nasikia pumzi ya majini. Shuuu. Shuuu. Nikageuka. Kumbe Mzee Isacko, pua yake imeziba.

Wacha niandike, hapa hakuna wa kusoma. Miaka miwili iliyopita, Diani, mbizi ya mwisho. Kioo cha kompyuta kilionyesha kandege kadogo kamepigwa mstari: usipande ndege kwa saa ishirini. Abdighani akauliza ni nini. "Kwani gari letu la Probox lina mabawa?" nikajibu. Tulicheka mpaka tukakohoa. Mchana huo huo tukashika njia ya Isiolo. Mwalimu wetu wa mbizi alishasema: mwili uliotoka majini una hewa ndani ya damu, usiupandishe juu haraka, mlima ni kama ndege tu. Mimi wakati huo nilikuwa natafuta kiatu, nikasikia kwa sikio moja.

Mlimani Timau, barabara iko juu kabisa, akasema bega linauma, miguu ina sisimizi. Nikamwambia uzee huo, bwana, oa wa pili upone. Tulipofika Isiolo hakuweza kushuka. Alfajiri hakuwepo tena duniani. Daktari alisema moyo. Kabla ya adhuhuri tulishamzika, kama desturi. Nani angeuliza? Mimi nilijua ni ule mlima. Nikashika koleo.

Jumamosi, 9 Agosti
Jawahir, mjane wa Abdighani, ameniita chai. Ubah kwa simu, spika imewashwa: ameshanunua ile kompyuta! Jumapili ijayo akitoka majini anashika basi la jioni, moja kwa moja nyumbani.

"Usije," nikasema. Sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Lala huko. Njoo Jumanne."

Jawahir akaweka birika chini. "Kwa nini? Nyinyi mlikuja siku ileile."

Nikakoroga chai, sukari ilishayeyuka zamani.

"Adeer? Mtandao umepotea?"

Nikasema nimeacha miwani garini. Miwani iko usoni! Naandika hapa kwa usukani. Jawahir ametoka. Haniiti. Ameweka stuli mbili kwenye kivuli cha lori, amekaa kwa moja, ya pili inanisubiri, simu bado iko wazi mkononi, Ubah yuko hewani.