Mtani Aliyekunywa Uji wa Mama

Bigwa, 1911

Kaka Abasi, shikamoo.

Nyumbani hatujambo, na mbuzi wako amezaa mapacha. Mama yuko hospitali mjini, lakini usishtuke, soma hadi mwisho. Homa ilimtoka mapema, ila alikataa kula, akabaki mifupa mitupu. Daktari Mdachi akazidisha dawa, naye mama akazidi kukonda.

Juzi akaingia mtani wetu, Mzee Kibwana. Hata pole hakutoa. Alivuta bakuli la uji wa mama, akaanza kunywa.

"Kufa upesi, Chausiku," akasema. "Nina hamu na pilau ya matanga yako."

Daktari akataka kumfukuza. Mama akainuka, akampokonya bakuli. "Utatangulia wewe, mlafi!" Akaunywa uji wote, wagonjwa wakicheka mpaka machozi.

Sasa Kibwana huja kila mlo kugombana naye, na jana mama alitembea hadi mlangoni.

Kaka, mama aliacha kula siku tuliposikia kifusi kimefukia watu huko kwenye reli unakofanya kazi. Tuandikie. Mama sasa anaagiza mabakuli mawili. La pili anasema ni lako, na ole wake Kibwana akiligusa.

Mdogo wako,
Mbaraka