Punje Kumi na Moja za Marui

Shomari, ndugu yangu,

Tangu uondoke nimekutolea salamu mara tatu pale kaburini Marui, na mara zote tatu nimeshindwa kuendelea baada ya salamu. Nikisimama pale maneno yanakauka. Ndiyo maana leo nimekaa chini na kalamu. Ungenicheka. Ulikuwa ukiniita Mwalimu wa Irabu, kwa kuwa nafundisha darasa la kwanza na wewe ulifundisha hesabu kwa wakubwa, na ulipenda kusema kwamba barua zangu ni ndefu kwa sababu sijui kufupisha sehemu. Basi vumilia na hii.

Lile tangazo lako bado liko kwenye mlango wa jengo la baraza hapa Kisarawe. Wino mwekundu umeanza kupauka lakini linasomeka: "Mazungumzo ya Utafiti wa Atomu, Jumamosi tatu, baada ya swala ya adhuhuri. Wote mnakaribishwa." Ya kwanza uliyazungumza, ya pili ukayazungumza. Ya tatu ni haya uliyoyapa jina "Udongo Wetu Unasema Nini: Habari za Mkuza, Mlandizi na Marui". Chini umeandika jina lako kama msemaji, na jina langu kama msaidizi. Nilikwenda kulibandua baada ya matanga. Nikafika, nikaweka kucha kwenye pembe ya karatasi, mkono ukakataa. Nikarudi nyumbani.

Wazee wa baraza wamenitaka niyasome mazungumzo ya tatu kwa niaba yako. Karatasi zako ninazo, mama yako alinipa. Ni Jumamosi hii inayokuja, na ndicho kinachonifanya niandike, kwa sababu kuna jambo hulijui, nami ndiye niliyekuficha.

Ngoja kwanza nikumbuke vizuri, nisije nikalivamia.

Unakumbuka ile Jumamosi ya kwanza ulivyotutoa nje, watu wazima na kanzu zetu, ukatupanga pembeni mwa uwanja wa mpira? Ukaweka punje moja ya mpunga katikati ya uwanja. Ukasema hicho ndicho kiini cha atomu, na sisi tuliosimama pembeni ndio vile vidude vinavyokizunguka, na kote katikati hapo hakuna kitu. Mimi nikakuuliza mbele ya watu, kama kote ni kutupu mbona nikijikwaa kwenye jiwe naumia. Ulicheka mpaka ukavua miwani. Ukasema, "Athumani, hilo ndilo swali, na sitakujibu leo." Hukunijibu tena. Nimekasirika nawe kwa hilo, sikufichi. Nina kidole cha mguu kinachouma hadi sasa na sina wa kumwuliza.

Kisha kile kisanduku. Yule bwana mtafuta madini uliyemfanyia ukalimani alikuachia kwa kiangazi kimoja, nasi tukakifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira kama kuku wa kupelekwa kwa wakwe. Mlio wake nausikia hata sasa. Ta. Ta-ta. Kimya. Ta. Ukanieleza kwamba kila mlio ni atomu moja imevunjika mahali fulani, ama ardhini ama juu huko, na kwamba tukihesabu kwa dakika kumi kila mahali tutajua wapi udongo una mawe yale wanayoyatafuta wazungu. Wewe ulishika saa na daftari. Mimi nikavaa kisikilizio sikioni na kuhesabu kwa tasbihi yangu ya punje tisini na tisa, mlio mmoja punje moja, nisikutazame, nisiseme. Wazo la tasbihi lilikuwa langu na ulilisifu sana. Ulisema hata huko Ulaya hawana chombo kama hicho, na mimi nikavimba kichwa wiki nzima.

Mkuza tulipata mizunguko mitatu kasoro punje mbili. Mlandizi, kwenye mashamba ya mpunga karibu na Ruvu, mizunguko mitatu na punje nne. Ulikuwa umeanza kununa. Ulitaka kitu kionekane.

Halafu Marui.

Shomari, siku ile tulipofika kwenu ulitangulia kumwamkia mama yako, ukaniacha niegemeze baiskeli kwenye mkorosho. Tasbihi niliitundika kwenye usukani. Nilipogeuza baiskeli ikanasa kwenye breki, uzi ukakatika, punje zikamwagika majanini. Nilipiga magoti nikaokota. Ulikuwa unaniita, mama yako ameepua mihogo, njoo kabla haijapoa. Njaa ilinishika, na aibu ilinishika, maana ile tasbihi aliniachia babu na mimi nimeitundika kwenye baiskeli. Nikatunga nilizoziona kwa uzi wa gunia, nikafunga fundo, nikajiambia kama imepungua ni mbili tatu. Sikuhesabu. Niliogopa kuhesabu. Nikaja kula mihogo.

Tukapima baada ya kula, mara tatu, kwenye shamba lenu, na mara zote tatu nikakutajia mizunguko mitatu na punje thelathini na sita, au karibu na hapo. Uso wako, Shomari. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi hivyo. Ukaenda mbio mpaka jikoni ukamwambia mama yako, "Mama, shamba letu linasema." Yeye akaja na mwiko mkononi, akataka asikilize, nikamvika kile kisikilizio, akasikia ta-ta, akaitikia kama anayeitwa. Pale ndipo ningesema. Nikajiambia nitakwambia njiani. Njiani uliimba.

Kisha homa. Wiki mbili tu. Siku ya mwisho niliyokuona unaongea uliniambia usisahau Marui, Athumani, soma vizuri, usimumunye maneno. Nikasema sitasahau. Nilishika mkono wako huku najua, na sikusema. Sikutaka uondoke na huzuni, hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa ungenitazama vibaya, na ndiyo ingekuwa mara yako ya mwisho kunitazama.

Sasa nikueleze ya kwenye matanga yako, maana najua ungeipenda hiyo siku kama isingekuwa yako. Watani walikuja. Mayunga, yule Mnyamwezi fundi baiskeli wa Mlandizi, alitoka kule kwa miguu. Baada ya hitima, watu wamekaa kimya, akaingia na koti lako na miwani yako, akapanda juu ya kinu, akaanza kufundisha atomu. Alikuiga mpaka kile kikohozi chako cha kabla ya neno gumu. Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, halafu wakalia tena zaidi. Akasema, "Na huyu msaidizi wangu, anayehesabu kwa dini," akanijia nilipokaa, akanipokonya tasbihi mkononi. Unajua mtani hakatazwi. Nilikaa tu.

Akaanza kuhesabu kwa sauti, kwa maringo, kila punje na mlio wake wa ta. Watu wakahesabu naye. Nami nikawa naomba achoke. Hakuchoka. Akafika themanini na nane, akagusa fundo, akalitazama, akasema, "Imeisha. Mwalimu, yako ina njaa." Wakaangua kicheko. Walidhani ameruka makusudi, ni mzaha wake. Akanirudishia na kunipiga bega akaenda kwa wengine.

Themanini na nane. Kumi na moja ziko majanini kwenu, chini ya mkorosho.

Nilirudi hapa nikafungua daftari lako. Nikazidisha mizunguko mitatu kwa tisini na tisa, nikajumlisha zile thelathini na sita kama ulivyofanya wewe, nikapata jibu lako la kufurahisha, mia tatu thelathini na tatu. Kisha nikazidisha kwa themanini na nane, nikajumlisha zilezile. Nikapata mia tatu kamili. Mlandizi ni mia tatu na moja. Mkuza kasoro kidogo. Ni kitu kilekile, Shomari. Marui haina jiwe. Marui inasema kama Mlandizi inavyosema.

Nililia, na sikulia kwa ajili ya kosa. Nililia kwa sababu hicho ndicho kitu pekee ulichogundua maishani mwako, nami ndimi niliyekitengeneza kwa uzi wa gunia. Nikisema kweli nakunyang'anya. Nikinyamaza, jina lako litatajwa kwa heshima mpaka siku atakapokuja mtu na kisanduku kingine na kuhesabu sawasawa, na hapo watasema marehemu alikuwa mwongo. Kwa majuma kadhaa nilitaka kunyamaza. Nilizipanga karatasi zako vizuri, nikafanya mazoezi ya kuzisoma kwa sauti, na nilipofika kwenye neno Marui nilikuwa namumunya.

Kilichonitoa ni mjomba wako Mzee Kondo. Nilisikia amesimamisha kupanda mikorosho tangu apate habari za shamba lenu. Miche imekauka kivulini. Anasema hawezi kuchimba mashimo yake halafu Serikali ije ichimbe ya kwake juu yake. Na majirani wawili wamemfuata. Hapo nikaona jambo limetoka kwenye daftari limeingia shambani kwa watu, na mvua haisubiri.

Nikaenda Marui juzi. Nikamwamkia mama yako shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanikalisha kwenye kile kigoda chako. Nikamweleza yote tangu breki mpaka Mayunga. Alikuwa anachambua mchele, na aliendelea kuchambua. Nilipomaliza nikamwambia naogopa kumharibia Shomari jina. Akaweka ungo chini.

"Kosa ni lako, Athumani," akasema. "Usimwachie mwanangu alale nalo."

Basi. Hakunigombeza zaidi ya hapo. Akaniuliza kama ni kweli udongo wote unalia sawa, wa kwetu na wa Ruvu na wa Mkuza. Nikasema ndivyo inavyoonekana. Akafikiri, akasema na hapo alipolala pia. Nikasema na hapo pia, Mama. Akarudi kwenye mchele wake. Mimi nikatoka nje nikaenda chini ya mkorosho, nikapekua majani kwa muda mrefu. Sikuona hata punje moja. Nadhani siafu na mvua vimeshazifukia.

Shuleni wanafunzi wako wanamtania mwalimu mpya kwa maneno yako, kila akiwapa jibu wanamwambia, "Onyesha njia." Ulikuwa huwapi alama hata kwa jibu sahihi kama hawakuandika walivyolifikia. Nimelifikiria hilo sana. Jumamosi sitasoma jibu tu. Nitasimama mbele yao, Mzee Kondo nimemwomba akae mbele na amekubali, na tasbihi nitaiweka mezani karibu na daftari lako. Nitawaomba waihesabu wenyewe. Kisha nitawaonyesha njia yote, pamoja na pale nilipopiga magoti nikaona njaa kubwa kuliko ukweli. Nitawaambia ulipima sawa, saa yako ilikuwa sawa, daftari lako ni sawa, aliyekosea ni msaidizi. Na nitawaambia ulichogundua hasa: kwamba kwa kadiri tulivyosikia, ardhi yetu hii inalia sawa kila mahali, polepole, na hakuna aliyekuwa amekaa kuisikiliza kabla yako. Sitamumunya.

Wanaoliona lile fundo wananiambia nitafute punje nyingine nizijaze. Fundi mmoja yuko tayari. Nimekataa. Nitaiacha na themanini na nane zake. Kila baada ya swala nitafika kwenye lile fundo la uzi wa gunia, nitasimama hapo kidogo, na kumi na moja zilizobaki nitazihesabu kwa vidole, na kila moja nitakutaja.

Nisamehe, Shomari. Lala salama huko kwenye udongo wenu.

Ni mimi msaidizi wako,
Athumani