Stuli Haitoshei Kwenye Begi

Neema mjukuu wangu,

Sasa? Huku Kabiro tuko sawa, na mamako siku hizi anauza githeri karibu na steji ya matatu. Lile begi la dharura ulilotuma kutoka Mombasa limefika. Lakini dira, Neema? Nipotelee wapi? Na hiyo filimbi nimpigie nani?

Unauliza mimi ningeweka nini. Stuli.

Usicheke. Nikiwa msichana, nyumba zetu Kibera zilishika moto mchana. Nilibeba godoro mbio hadi mtaa wa Ayany, nikajiona mjanja. Jirani yetu, Mama Andeso, alitoka na stuli tu, tukamcheka. Moto ulipozimwa, aliirudisha pale pale mlango wake ulipokuwa, akaketi juu ya majivu, akakataa kuondoka. Mimi niliporudi na godoro langu, nilikuta mtu nisiyemjua ameshasimamisha nguzo za nyumba yake pale kwetu.

“Hapa ni kwetu!” nikamwambia.

“Mlikuwa wapi?” akaniuliza.

Mama Andeso alisogea kidogo kwenye stuli yake, nikakaa naye.

Dira nimewapa watoto wa ploti wachezee. Stuli imekataa kuingia kwenye begi lako, kwa hivyo nimeifunga juu kwa kamba. Usiniulize tena kama niko tayari.

Nyanya yako