Daktari Pell Amesahau Tena

Jumatatu, 18 Januari 1954

Kesho naingia kwenye televisheni. Mimi, Orville Lindquist, mwana wa fundi viatu wa Duluth — au Vance Redfield, jina nililopewa na studio ya filamu kwa sababu, walisema, hakuna mwanamke atakayemlilia mtu anayeitwa Orville. Hakuna aliyemlilia Vance pia. Miaka ishirini na miwili pale studio, na nimekufa mara sitini na moja. Nimepigwa risasi, nimesukumwa kutoka juu ya paa, mara moja nilikanyagwa na ng'ombe. Kazi yangu ilikuwa kufa mapema ili shujaa apate sababu ya kukasirika.

Halafu watu wakaanza kubaki nyumbani na televisheni zao, studio ikapunguza watu, nami nikapewa mkono wa kwaheri. Mwaka na nusu nimeuza mapazia dukani kwa shemeji yangu kule Glendale. Mama mmoja alinitazama sana, akauliza tulionana wapi. Nikamwambia labda aliniona nikifa. Akaondoka bila pazia.

Sasa kuna Daktari Pell. Daktari mpole wa mji mdogo, kila Jumanne, nusu saa, laivu. Mkataba ni wa majuma kumi na matatu, kisha mdhamini — kampuni ya sabuni — ataamua kama tuendelee. Nimemshukuru Mungu kwa magoti yote mawili. Ila kuna jambo sijamwambia mtu. Kwenye filamu unajifunza sentensi mbili, unazisema, mwongozaji anasema "kata," unajifunza nyingine mbili. Ukikosea, unarudia. Daktari Pell ana kurasa ishirini na sita, na hakuna wa kusema kata. Nina miaka hamsini na nne. Sijawahi kubeba kichwani zaidi ya maneno yanayoenea nyuma ya bahasha.

Alma, mke wangu, amenishikia skripti jikoni tangu asubuhi. Kwenye ukurasa wa tisa akaweka kiazi chini. "Orville, baba, hapo umemwambia mgonjwa maneno ya mgonjwa."

Jumanne, 19 Januari

Tulianza saa kumi na moja na nusu jioni. Kule New York ilikuwa tayari usiku, walishakula, wameketi mbele ya televisheni. Ukurasa wa kumi na nne — kichwa kikawa kitupu. Nami, Mungu anisamehe, nikafanya kile mwili ulichozoea kwa miaka ishirini na miwili. Nikamgeukia mwongozaji nikasema kwa sauti, "Samahani, Milt, yamenitoka. Tuanze tena pale mlangoni."

Nikasubiri "kata." Halikuja. Nikatoka nje ya mlango. Nikaingia upya na mkoba wangu. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa bado inawaka. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini, na mbele ya nani.

Leota Marsh akaniokoa. Anaigiza nesi wangu, Hattie. Naye ametoka studio zilezile, alikuwa akiigiza mama wa mashujaa tangu akiwa na miaka thelathini. Akanitazama juu mpaka chini. "Daktari, ulishaingia. Mgonjwa ni yuleyule." Akanipokea mkoba, kisha, kama ananikaripia, akanitajia yote niliyotakiwa kusema.

Jumatano, 20 Januari

Simu haijalia. Alma anapiga pasi mashati ambayo yalishapigwa pasi. Nimesoma nafasi za kazi gazetini. Wanatafuta dereva wa gari la maziwa. Ng'ombe nawapenda, isipokuwa yule mmoja.

Jumatatu, 25 Januari

Hawajanifukuza. Zimekuja barua, magunia mawili. Ohio, Pennsylvania, sijui wapi. Watu wanampenda daktari anayeingia mara mbili! Wanasema ndivyo alivyo daktari wao wenyewe. Katika miaka yangu ya filamu nilipata barua nne, na moja ilitoka gerezani, tena ilikuwa ya mtu mwingine.

Tolliver, yule bwana wa kampuni ya matangazo ya mdhamini mwenye tai nyembamba, alinishika bega. Anataka Pell asahau kitu kila wiki.

"Lakini mimi nilikosea kweli," nikamwambia.

"Naam, Bwana Redfield. Kosea hivyohivyo."

Milt ana miaka ishirini na tisa, anatafuna chingamu hata akiongoza onyesho la msiba. Akacheka. "Mzee, umepata jina kwa kuharibu kazi. Wenzako wanaharibu bure."

Jumanne, 9 Februari

Kumbe kusahau kunahitaji kukariri! Skripti inasema: "Pell anasita, anapapasa mfukoni, anasahau jina la mgonjwa." Kusita huko nimekufanyia mazoezi siku tatu. Na leo, tukiwa hewani, nilisahau kusahau. Jina likatoka lenyewe, safi, kama la mwanangu. Mgonjwa akabaki kinywa wazi, maana jibu lake lilikuwa la kunikumbusha. Tolliver alikuja baadaye uso umekunjamana. Ameomba niwe makini zaidi katika kusahau.

Jumamosi, 20 Februari

Sokoni. Muuza nyama, Grbac, alipaza sauti foleni nzima isikie: "Daktari Pell! Leo umesahau nini?" Watu wakacheka, mtoto mmoja akanigusa koti. Nikawapungia mkono kama mfalme. Nilifika nyumbani bila siagi. Ndiyo iliyonipeleka sokoni.

Alma aliniuliza iko wapi. Nikapapasa mfukoni kama Pell. Akacheka. Nami nikacheka, nikarudi kuinunua.

Jumatano, 3 Machi

Kwaresima imeanza. Baada ya ibada nikambana mchungaji Ekdahl pale panapotundikwa makoti. Nikamwuliza kama ni uongo, mtu kujifanya amesahau mbele ya mamilioni. Akafikiri, akasema maigizo ni maigizo, hata wale watoto wa igizo la Krismasi si mamajusi. Kisha akatoa picha yangu mfukoni nimsainie mama mkwe wake. Kwa hiyo dhamiri yangu ni safi, na mama mkwe wa mchungaji ni mtu wangu.

Lakini sikumwuliza swali lenyewe. Nilikuwa nalo mdomoni. Watu walikuwa wengi.

Jumanne, 16 Machi

Niandike tu, hapa hakuna anayesoma.

Leo kwenye ukurasa wa kumi na tisa nilisimama. Hakukuwa na kusita kokote kwenye skripti. Sikusahau neno — nilisahau chumba. Sikujua yule mtoto kitandani ni nani, wala kwa nini nimeshika kijiko. Muda gani, sijui. Baadaye Milt alisema ni kama sekunde nane. Mafundi wa taa walikuwa wameuma mikono wasicheke kwa sauti. Leota akasema, "Kijiko ni cha dawa, Daktari, si cha supu," nami nikarudi.

Milt alinikumbatia. Akasema sijawahi kusahau vizuri kama leo.

Leota alinifuata mpaka kwenye maegesho. Hakuvua hata kofia ya unesi.

"Kaka, ile haikuwa kwenye karatasi."

"Haikuwa."

"Ni mara ya ngapi?"

Nikasema ya tatu. Hewani. Nyumbani sihesabu.

Akawasha sigara. Aliniambia kaka yake alianza hivihivi, au labda kaka yake alikuwa mlevi tu, hakuna aliyejua. Akasema niende kwa daktari. Nikamwambia daktari ni mimi. Hakucheka. Nikamweleza: nikienda, mdhamini atajua, na akijua, Pell amekwisha kabla ya wiki ya kumi na tatu. Nimekuwa mtu asiyejulikana kwa miaka ishirini na miwili, Leota. Nimekuwa mtu kwa miezi miwili.

"Basi nitakaa karibu yako," akasema. "Nikiona macho yameondoka, nitaongea. Wewe nikasirikie tu."

Jumanne, 30 Machi

Mara mbili leo. Leota aliongea mara zote mbili, nikamkasirikia. Gazeti limesema sisi ni kama mume na mke wa miaka mingi. Alma amelikata, amelibandika kwenye jokofu. Kila nikitaka maziwa, naliona.

Ijumaa, 9 Aprili

Kipindi cha kumi na tatu ni Jumanne ijayo, wiki ya Pasaka. Bwana mwenye sabuni atakuja mwenyewe kuketi studio. Akiridhika, mkataba wa miaka miwili. Tolliver anataka kipindi cha heshima: hakuna vichekesho, hakuna kusahau. Pell yuko peke yake kando ya kitanda cha mkulima anayekufa, anamsomea zaburi ya "Bwana ndiye mchungaji wangu," ile ambayo kila mtu anaijua. Peke yake. Nesi Hattie ameenda kwa dada yake.

Nikauliza kama nitashika Biblia. Milt akasema hapana, mikono yangu yote miwili imshike mkulima, kamera iwe karibu. Nikauliza, kama mzaha, vipi wakiniandikia kwenye vile vibao vikubwa, wavishike kando ya kamera.

"Wewe? Mtu wa kanisa?" Akageukia mafundi. "Jamani, mzee anataka kibao cha zaburi!" Wakacheka wote. Nami nikacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi ya wote.

Zaburi ile nilifundishwa na mama nikiwa na miaka sita, kwa Kiswidi, nikiwa nimekaa juu ya pipa la maharagwe. Kwenye mazoezi nilifika kwenye mstari wa maji ya utulivu, nikasimama. Milt alidhani nimezidiwa na hisia. Akasema niache hivyohivyo.

Jumapili, 11 Aprili

Jumapili ya Matawi. Kanisa zima tuliisema, zaburi ileile. Nilichezesha midomo. Nilikuwa hodari wa hilo enzi za filamu, nikiwa nyuma ya umati.

Alma alingoja mpaka tukawa kwenye gari, ameweka tawi mapajani.

"Hukuwa unasema."

"Nilikuwa nasema kimoyomoyo."

"Orville. Miaka ishirini na tisa nimesimama ubavuni mwako. Najua unavyosikika."

Nikaegesha mbele ya duka la viatu lililofungwa. Nikamwambia yote. Kijiko, siagi, Leota. Nilitegemea alie. Alivua glavu moja, akaivaa tena. Akasema alijua kuhusu siagi. Alikuwa akingoja nimwambie, akaanza kuogopa kwamba nimesahau kumwambia.

Kisha akasema nimwambie Milt kabla ya Jumanne. Waandike kibao, na yaishe. Nikamwambia nikimwambia, narudi kwenye mapazia.

"Umekufa mara sitini na moja," akasema, "na unaogopa pazia."

Jumanne, 13 Aprili

Saa kumi na moja kasoro dakika tano. Chumba cha kuvalia. Nimeshapakwa poda, nimevaa koti la Pell, naandika nikiwa nimefunika suruali kwa taulo.

Bwana mwenye sabuni ameshafika. Mtu mfupi, mpole, amekuja na mkewe na mama yake mzee, wote wamevaa nguo za kanisani. Mama yake alinishika mkono akasema anaisubiri zaburi. Mumewe alisomewa hiyo siku yake ya mwisho.

Nimeiandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari hili ili nijipime. Mara ya kwanza ilikamilika. Nikapiga magoti kushukuru. Nikaiandika mara ya pili. Imepungua mistari miwili, na nimezitazama zote mbili kwa muda, na sijui ni ipi iliyo sahihi.

Niliomba. Sikuomba nikumbuke. Niliomba kinywa cha kusema.

Nimemwita Milt. Amekuja, ameketi kwenye meza ya poda, anatafuna. Nimesema, "Milt, siikumbuki zaburi. Si mchezo. Kuna kitu kichwani mwangu, ni miezi sasa. Naomba kibao."

Amecheka mpaka chingamu imemtoka. Amesema mzee, hiyo tutaiweka kwenye kipindi cha kwanza cha mkataba mpya, usiipoteze leo. Anafuta machozi kwa taulo langu. Naandika ili nisimtazame.

Nimerudia. Polepole, bila sauti ya Pell, kwa sauti ya Orville, ambayo nadhani hajawahi kuisikia. Nimemwambia kuhusu kijiko.

Ameacha kucheka. Bado anatabasamu, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesubiri sehemu ya kuchekesha ifike. Namgeuzia daftari, aone zaburi zote mbili.