Leso ya Bibi Shamso

Doha, 14 Januari 2024

Mama, assalaam alaykum. Magoti yamepoa, au bado yanakukatalia ngazi? Mimi mzima, kazi ya ulinzi ni ile ile ya kusimama.

Picha ya Bibi Shamso ya studio nimeitia rangi kwa kompyuta, kama ninavyowafanyia wenzangu hapa picha za wazee wao. Ngozi nimefuata yako. Leso nimeipaka kijani. Itazame uniambie.

Mwanao, Zaki

Pumwani, 16 Januari 2024

Wa alaykum salaam, mwanangu. Magoti yangu usiyaulize.

Uso umenitoa machozi, ni mama yangu kabisa. Lakini kijani umekitoa wapi? Bibi yako hakujifunga kijani maisha yake. Alinunua doti nzima: kipande kimoja ndicho hicho cha pichani, cha pili alinipa nilipoolewa. Kimo sandukuni.

Mama yako

Doha, 17 Januari 2024

Mama, umeamkaje? Basi mwambie dada Hikma aipige picha hiyo leso anitumie, nimalize kazi.

Mwanao, Zaki

Pumwani, 20 Januari 2024

Mwanangu, hujambo? Sisi wazima, ila kifua kinanibana kidogo.

Hikma ameipiga, nimeitazama, siyo. Simu inadanganya rangi. Hii utaiona kwa macho yako, hapa nyumbani, siku ya Idi. Usinune. Nimekukosa sana, na kama leso ndiyo itakayokuleta, basi naikalia.

Mama yako

Doha, 2 Aprili 2024

Mama, assalaam alaykum. Saumu inakwendaje, na kifua?

Likizo ya Idi amepewa mwenzangu. Inshallah mwezi wa saba. Nakuomba, nitajie rangi tu.

Mwanao, Zaki

Pumwani, 3 Aprili 2024

Mwanangu, saumu inakwenda. Nimelia kidogo, sikufichi. Ni nyekundu, lakini nyekundu ziko nyingi. Leso nimeshaitoa sandukuni, iko kitini inakungoja. Mwezi wa saba si mbali.

Mama yako

Pumwani, 9 Juni 2024

Kaka Zaki, assalaam alaykum. Leo sikuulizi hali, naijua.

Jana kwenye simu sikuweza kukwambia zaidi ya kwamba Mama ametutoka. Ni kile kifua. Alikuwa amenikataza kukueleza, eti usije ukaacha kazi. Alizikwa Kariokor baada ya Alasiri.

Walipotaka leso ya kufunika jeneza nikatoa ile ya kitini. Walipotoka naye uani jua likaipiga, nikaona rangi uliyokuwa ukiiomba. Nikapiga picha haraka nikutumie. Usiku nimeitazama, na Mama alisema kweli: kwenye simu siyo. Nimeifuta.

Wanaume wameirudisha kutoka makaburini. Ina udongo pindoni. Sijaifua, nimeiweka pale pale kitini. Njoo uione.

Dadako, Hikma